Arbuni ya Muuzaji

Wenzake walipokuwa wakipewa bangili kila Idi, dada yangu alikuwa akipewa hisa. Mumewe alikuwa mhandisi, na aliamini kwamba dhahabu ni chuma kilichojaaliwa rangi. Basi kila Idi, badala ya kisanduku cha sonara, alimnunulia hisa za kampuni moja ya teknolojia ya Marekani, kwa jina la dada mwenyewe, akampa karatasi iliyokunjwa kama barua ya posa. Dada akiipokea, akishukuru, kisha akiiweka kabatini chini ya kanga.

"Harusini nitavaa karatasi," aliniambia siku moja.

Karatasi zikapanda. Bangili za wenzake nazo zikapanda, lakini hilo shemeji hakupenda akumbushwe.

Alipofariki, hisa zilikuwa mia tatu na arobaini. Nilizihesabu mara mbili, si kwa tamaa, ni maradhi yangu. Dada alibaki na wanawe kwenye nyumba ya serikali huko Sib, Oman, na waungwana wa ofisini kwa marehemu walisema akae mpaka amalize eda, na wiki chache za kuhamia. Pa kuhamia palikuwa kiwanja Al Khoudh, nyumba ya ghorofa moja, kuta zote zimesimama na juu hakuna kitu. Ukiingia sebuleni ukiinua kichwa kwenye uwazi wa ngazi unaona ndege zinazoteremka uwanjani. Kwa hiyo hisa zile hazikuwa hisa. Zilikuwa paa.

Nilikwenda kumtazama wiki ya tatu. Nyumba ile ilikuwa ikijulikana kwa udi tangu mlangoni. Sasa ilinukia sabuni tu, maana aliyemo edani hajifukizi. Alikuwa amekaa na nguo nyeupe, uso mkavu, akichambua mchele ambao haukuwa na hata kijiwe kimoja.

"Dada, uza," nikamwambia.

"N'uze nini?"

"Hisa. Ziuze sasa hivi zingali juu."

Nilikuwa na sababu zangu. Mimi kazi yangu ni kununua na kuuza magari yaliyotumika, na kazi hiyo humfundisha mtu jambo moja kabla ya yote: kila kitu kinashuka. Gari jipya likivuka mlango wa duka tu limeshapoteza bei ya ng'ombe wawili. Nilipoona hisa za teknolojia zinapanda mwaka baada ya mwaka bila ya kupumua, sikufurahi, nilishuku. Kinyozi wangu ameanza kunieleza habari za akili bandia na wembe uko kooni pangu, sina uwezo hata wa kubisha. Muuza matairi ameniuliza anunue kampuni gani. Na mimi najua sokoni kwangu: wanunuzi wakiacha kuuliza "mwisho ngapi?", mwenye busara anauza alichonacho na kufunga duka.

Dada hakuinua macho kwenye ungo. "Siuzi kitu chake nami nimo edani."

"Si chake. Ni chako, jina lako limo."

"Jina langu nnalijua. Siuzi."

"Na bei ikianguka? Utaezeka kwa nini, kwa kanga?"

"Weye si ndiye mwenye maneno mengi," akasema. "Tafuta njia. Miezi minne na siku kumi, nikitoka nitauza. Mpaka hapo usiniguse."

Nikenda kwa rafiki yangu. Huyu ni mstaafu wa benki, watu wake walirudi Oman kutoka bara, na Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Tulikuwa na desturi ya kukutana Azaiba baada ya alasiri, tunaegesha gari mbele ya duka la chai, tunapiga honi moja, karaki, chai ya maziwa na hiliki, inaletwa dirishani, na hapo tunaponda uchumi wa dunia. Tulijiita watu wa kushuka. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa nimeshuku kwa miaka miwili, yeye kwa kumi na mmoja. Kila mwaka alitangaza kwamba soko litaporomoka, na kila mwaka soko lilimpita pembeni kama gari la mtu asiyemjua.

"Dada yako anachohitaji ni haki ya kuuza," akasema, baada ya kunisikiliza.

"Haki ya kuuza anayo. Ni mali yake."

"Sikiliza, bwana. Unamlipa mtu kidogo leo. Naye anajifunga: mpaka tarehe fulani, ukitaka kumuuzia hisa zako kwa bei mliyokubaliana, lazima azinunue, hata kama sokoni zimekuwa za kuokota. Usipotaka, humuuzii. Alichopokea kimekwenda."

Niliweka kikombe juu ya dashibodi. "Hiyo ni arbuni."

"Arbuni?"

"Mnunuzi ananipa riali hamsini nimshikie gari wiki moja. Akirudi tunamalizana, asiporudi hamsini nimekula. Hii yako ni hiyohiyo, ila imepinduliwa. Muuzaji ndiye anayetoa."

Akanitazama kwa husuda kidogo. "Umeelewa kwa kikombe kimoja. Mimi kuelewa kulinigharimu dola elfu nne."

Akanionyesha kwenye simu. Hisa moja siku ile ilikuwa kama dola mia mbili. Haki ya kuiuza kwa mia mbili, tarehe ya kufunga ikiwa Ijumaa ya wiki ileile ambayo dada angetoka edani, ilitakiwa dola kumi na saba. Haki ya kuiuza kwa mia na tisini, kumi na mbili. Kwa mia na themanini, nane. Zimepangwa juu na chini kama matairi: zuri ghali, la wastani, na la kukufikisha nyumbani.

"Chukua ya mia na tisini," akasema.

Nikapiga hesabu, nikairudia. Mikataba ile inakwenda kwa hisa mia mia, kwa hiyo mia tatu zingelindwa na zile arobaini zingebaki nje zinanyeshewa. Mia tatu kwa dola mia na themanini ni riali elfu ishirini na mia saba na tisini. Mkandarasi alikuwa ametaka elfu ishirini na mbili na nusu kwa paa, lipu, umeme na mabomba, bila ya madirisha ya juu. Nilikunywa kahawa yake siku tatu mpaka akashuka kwenye ishirini na nusu. Kwa mia na themanini, paa linapatikana. Yanayozidi ni madirisha.

"Hii ya nane," nikasema. "Lakini nane ni nyingi. Weka sita."

"Unabishana na nani?"

"Na mwenye kuuza."

"Bwana, huyo hakuoni. Huwezi kumpa mgongo ukajifanya unaondoka."

"Kila muuzaji huita," nikamwambia.

Tukaamua kungoja sita. Siku nne nilimpa mgongo mtu aliyeko Marekani, mimi niko Azaiba ndani ya gari. Hakuita. Siku ya tano ikafika nane na nusu, na iliporudi nane nikawa tayari kununua. Rafiki yangu hakucheka. Alipiga honi tu kuagiza karaki nyingine, akaniachia mimi nilipe.

Lakini kabla ya kununua ilibidi nipate idhini ya mwenyewe. Arbuni yote ilikuwa dola elfu mbili na mia nne, riali mia tisa na ishirini na nne, na dada taslimu hiyo hakuwa nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuniuliza, polepole, kama anayetoa miba ya samaki.

"Huyo anayepokea ni nani?"

"Mtu tu. Yuko upande wa pili."

"Ana habari kwamba nnaweza nisimuuzie?"

"Anajua. Ndiyo maana analipwa."

"Umeuliza kama inafaa?"

Nilikuwa nimeuliza. Mwanachuoni mmoja wa Sib, mtu mpole, alisugua paji la uso muda mrefu kisha akasema: biashara ya haki tupu haipendi, watu wamefanya khofu kuwa bidhaa, mwenye mali yake anayeikhofia jambo lake ni jingine kidogo, lakini asilifanye mchezo. Nikamfikishia dada maneno yale kama yalivyo. Hilo najisifu, maana nilikuwa na fursa ya kuyapunguza.

Kisha akaingia ndani, akarudi na bangili mbili za mama yetu, akaziweka mkononi mwangu.

"Basi mie sichezi," akasema. "Nikitoa arbuni, nimeahidi. Nikitoka edani nauza kwa bei hiyo. Mwambie."

"Nimwambie nani?"

"Huyo mtu."

"Nitamwambia," nikasema.

Nilisema haraka, kama ninavyomwambia mteja anayetaka gari liondolewe harufu ya sigara. Inshallah, tayari, umepata. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo nimelizunguka mara nyingi tangu siku ile, kama unavyolizunguka gari lililopigwa rangi upya ukitafuta palipogongwa.

Bangili nikaziuza, haki za hisa mia tatu tukazinunua kwa nane. Mwezi wa pili wa eda soko likaanguka. Hisa ikateremka mpaka mia na sitini na tano. Rafiki yangu alikuja Azaiba na kanzu mpya. Yeye alikuwa amenunua haki za kuuza hisa ambazo hana hata moja, na sasa kila asubuhi anajiona ametajirika.

"Ile haki ya dada yako, haki yenyewe, leo inauzwa dola ishirini na mbili," akaniambia. "Iuzeni. Mmenunua kwa nane. Hisa zenu mnabaki nazo."

Nikampelekea dada habari kwa furaha. Alinitazama kama niliyeleta nguruwe.

"Arbuni unaiuzaje? Umempa mtu neno, neno lenyewe ukalipige bei kwa mwengine?"

"Dada, ni faida ya bure."

"Paa langu lipo au halipo?"

"Lipo. Mia na themanini."

"Khalas. Kunywa chai yako."

Na kweli, ndiye peke yake miongoni mwetu aliyekuwa analala. Wiki zile watu walikuwa na nyuso za msibani, wenye hisa wakipeana salamu kwa sauti ndogo, na yeye, aliyekuwa msibani kweli, alikuwa ametulia. Nilifikiri sana juu ya jambo hilo. Sisi watu wa kushuka tunasema tunanunua usalama, lakini mioyoni tunaomba nyumba ya jirani iungue. Yeye alinunua tarehe na bei, akafunga mlango.

Halafu soko likageuka, kwa tabia yake. Wiki ambayo eda ilikwisha, hisa ilikuwa mia mbili na saba. Jumanne alioga, akajifukiza, na nilipopita nikausikia udi tangu barabarani, nikakaa garini dakika nzima kabla ya kushuka. Haki za rafiki yangu zilikuwa zimekwisha thamani. "Nilikuwa sahihi," alisema. "Ila nimewahi." Kanzu ile mpya sikuiona tena.

Ijumaa ikafika, siku ya mwisho. Soko la kule linafunguliwa huku jua linaelekea kuchwa. Nilikaa sebuleni kwa dada na tableti ya marehemu, yenye akaunti ya hisa, yeye kando yangu.

"Mambo mazuri," nikamwambia. "Mia mbili na saba. Arbuni tunaiacha ife, tunauza sokoni. Paa, na madirisha ya juu, na zinabaki za milango."

"Tulisema mia na themanini."

"Hiyo ilikuwa kama zimeanguka. Hazikuanguka."

"Mie sikusema kama. Nilisema nikitoka edani nauza kwa bei hiyo, ukamwambie. Ulimwambia?"

Nikatazama tableti.

"Dada, hakuna mtu. Ni mashine. Kompyuta moja inazungumza na kompyuta nyengine."

"Ulipotaka bangili zangu palikuwa na mtu."

Nikapanda juu, nikashuka chini kwa maneno. Nikamweleza kwamba mtu huyo, kama yupo, ameshakula arbuni yake na anashukuru Mungu. Nikamwambia hata yule mwanachuoni atasema halazimiki.

"Mie sikumuuliza nnalazimika nini," akasema. Muadhini akaanza. Akainuka. "Fanya tulivyoahidi. Nikirudi nikute tayari."

Akaniacha peke yangu na vidole vyangu. Mia tatu kwa mia na themanini. Mia tatu kwa mia mbili na saba. Nikahesabu, nikarudia. Tofauti ilikuwa riali elfu tatu na mia moja na kumi na nane na nusu, na mimi ni mtu niliyewahi kusimama juani saa nzima kwa riali tatu. Niliwafikiria wapwa zangu juu kule bila ya madirisha, na mchanga wa Al Khoudh unavyoingia. Nikauza sokoni. Haki nikaiacha ife.

Alirudi na mswala mkononi. "Tayari?"

"Tayari."

Hakuuliza bei gani. Na mimi sikusema. Maishani mwangu sijagusa saa ya gari kurudisha kilomita nyuma, na wateja wangu wanalijua hilo. Lakini kunyamaza kwa mteja asiyeuliza, hiyo ni nusu ya mtaji wangu. Nilitoka pale na viatu mkononi, nikavivalia nje.

Siku nne zikapita. Ya tano akanipigia simu.

"Pesa zimeingia benki," akasema. "Zimezidi."

"Zimezidi vipi?"

"Umesahau kwamba mie nilikuwa mke wa mhandisi. Mia tatu mara mia na themanini nimepiga kwa kalamu, nikarudia. Zimezidi elfu tatu na mia moja na kumi na nane. Na nusu."

Nikakiri. Nilitarajia anikoromee, ningejua la kufanya, ugomvi naujua, una bei ya kuanzia na ya mwisho. Hakukoroma.

"Zilizozidi si zangu," akasema. "Mtafute mwenyewe."

"Nimtafute wapi, Dada? Hana jina!"

"Ulisema utamwambia."

Rafiki yangu wa benki nilipomsimulia alizima injini kabisa. Akafikiri, akasema katika miaka yote aliyofanya kazi hajapata kuona mtu anayetaka kumrudishia chenji aliyemuuzia haki, na kwamba hakuna fomu ya jambo hilo. Akaongeza, kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "Lakini wewe ulisema ndiyo."

Mali isiyojulikana mwenyewe, kwetu, njia yake inajulikana: itolewe sadaka kwa niaba yake. Dada akachagua maji. Nikatumwa kununua mashine za kupozea maji, zile za chuma zinazowekwa ukutani nje ya nyumba kwa wapita njia: moja ya Al Khoudh, moja karibu na wanaposubiri basi wanafunzi, moja Sib karibu na soko la samaki. Nikajipa moyo kwamba hapo angalau nitaonyesha ufundi. Nikaingia dukani, nikauliza bei, nikaguna, nikaanza kugeuza mgongo.

"Ni za sabili, maji ya bure?" muuzaji akauliza.

"Za sabili."

Akaandika bei chini kuliko ile niliyokuwa naiendea mimi. Sikuwa hata nimefika mlangoni. Nikalipa, nikatoka na risiti, sijui nani kamshinda nani. Kilichobaki dada amekiweka kwa ajili ya bili za maji na umeme wa mashine hizo, na mimi ndiye ninayekwenda kuzilipa, kwa amri yake.

Paa limeezekwa kabla ya wiki za ruhusa kwisha. Alihamia na kabati, na ungo, na zile hisa arobaini ambazo amekataa kuziuza kabisa. "Hizo hazina ahadi," anasema. Nimemwambia kwamba zingetosha madirisha yote ya juu na pazia zake. Anasema anajua, amezihesabu. Basi juu kumepigwa mbao, na yeye na wanawe wanakaa chini.

Rafiki yangu angali anasubiri kuporomoka. Jioni nyengine namchukua, badala ya Azaiba tunakwenda kuegesha mbele ya ukuta wa dada. Wanakuja mafundi wa ujenzi, wenye pikipiki za kupeleka vyakula, wanafunzi. Wanajaza chupa, wengine wanainama wakanywa kwa kiganja. Juzi alikuja mmoja mnene na shati la ofisi, akanywa bilauri tatu, akajipangusa, akatazama juu kwenye mbao, akaenda zake.

"Labda ndiye huyo," rafiki yangu akasema.

"Nani?"

"Mtu wa upande wa pili."

Sikucheka kama nilivyodhani nitacheka.

Kazini mambo ni yaleyale, ila moja. Mtu akinipa arbuni akapotea, zamani nilikuwa nasubiri siku ya nane kwa hamu, gari langu na hamsini zangu. Siku hizi siku ya sita nampigia simu, namwambia gari lako lipo, njoo. Wengi hawaji. Hamsini zao sizichanganyi na nyengine, naziweka kwenye kisanduku cha sonara nilichokiomba kwa dada. Kilikuja na bangili za mama na hakikuwa na kazi tena. Mwezi uliopita zilifika bei ya dirisha moja. Nikaenda na fundi, likatiwa, la upande wa mashariki.

Dada alipanda kulitazama. Akalifungua, akalifunga, akalifungua tena.

"Umelipa ngapi?" akauliza.

Nikamtajia bei kamili, sikupunguza wala sikuongeza.

"Umepigwa," akasema, akaliacha wazi.